Ngazi ya mbao imelika: tuivunje tumwage zege?

SWALI: Shikamoo Babu Seremala. Nyumba yetu ya Mikindani ni ya ghorofa moja, ya mawe ya matumbawe, aliijenga babu mzaa baba. Ngazi yake ya mbao ina vipandio 13. Vya chini vimelika katikati, na cha pili kinacheza ukikikanyaga. Mama analala juu. Fundi anasema tuivunje yote, tumwage zege. Tufanyeje? – Binti wa Mikindani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo fundi kaitazama ngazi kwa juu tu. Mwambie ainame.

Kipandio kulika ni umri, si ugonjwa. Wanaobeba watu ni zile mbao mbili za ubavuni, nazo huanza kuoza miguuni, pale zinapogusa sakafu. Toa magunia na madumu mliyojaza chini ya ngazi, chukua tochi na bisibisi, uichomeke kwa nguvu ya mkono kwenye mguu wa kila ubao. Ikigoma, ubao ni mzima. Ikizama kama kwenye papai, hapo ndipo penye kazi. Vijia vya udongo ukutani ni mchwa, wametoka ardhini. Unga mwembamba na vitundu ni dumuzi, hao wamo ndani ya mbao yenyewe. Asipulize mtu dawa kabla hamjajua ni yupi.

Zege siitaki nyumba hiyo. Ngazi ya ukubwa huo kwa zege na nondo inaweza kufika tani 2, mkaiegemeze kwenye ukuta wa matumbawe na chokaa na sakafu ya boriti! Tena hapo ni baharini: chumvi ikiifikia nondo, inashika kutu, inavimba, inapasua zege.

Mguu uliooza haumaanishi ubao mzima umekwisha. Wekeni nguzo za muda, mkate sehemu mbovu hadi kwenye mbao ngumu, muunge kipande cha mkongo kwa kulalisha nusu juu ya nusu, mkaze kwa bolti zisizoshika kutu. Kisha mguu ukalie jiwe, usikalie udongo. Pembeni zibeni kwa chokaa na mchanga. Saruji hufungia unyevu ukutani na ncha ya mbao inaoza tena.

Vipandio vilivyolika, ng'oeni kimoja kimoja. Kama ni vinene na upande wa chini ni mzima, vigeuzeni tu. Miisho haikulika, vitakaa vizuri. Vya kubadilisha, nunueni mkongo au mninga uliokauka sawasawa. Mbao mbichi itajikunja mvua zikiisha. Unene uwe uleule wa zamani. Hapa mafundi wengi huharibu: kipandio kimoja kikizidi vingine hata sentimita 1, mguu unakwaa, hasa usiku. Pimeni pia cha kwanza, kama sakafu iliwahi kuwekewa vigae.

Akidai mbao hazipiti mpaka ang'oe mlango wa nakshi, mkatalie. Milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940 inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Dirisha lipo.

Vanishi mpake mkono wa ngazi peke yake. Kwenye vipandio inateleza. Na mama ahamie chumba cha chini leo, wala msingoje fundi aanze.