Kengele Mbili, Kikonyo Kimoja

SWALI: Shikamoo Mama. Nasoma Umeå, kaskazini mwa Uswidi. Julai wenzangu walinipeleka kutembea msituni. Chini ya misonobari nikasikia harufu tamu, kama ya lozi. Nilitafuta kweli mpaka nikaona viua vidogo vya waridi, viwili viwili, vimeinamisha vichwa. Mwenzangu akacheka, akasema ua hilo lina jina la dada yake. Ni ua gani? Naweza kung'oa kidogo nipande kwenye kopo dirishani?
– Msomaji, Umeå

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pua yako imekushinda macho, na wala si wewe peke yako. Mimi nililikanyaga. Miwani ilinidondoka, na nilipokuwa nikipapasa kwenye kuvumwani, ule utando wa kuvu na mwani ardhini, ndipo nikaviona, karibu kabisa na vidole vyangu.

Ni linnea. Kimo chake ni kama sentimita kumi tu. Kikonyo ni chembamba kama uzi, kisha juu kinagawanyika kama panda ya manati, na kila tawi linaning'iniza kengele moja. Kwa nje kengele imepauka. Waridi iliyokolea iko ndani, pamoja na mistari na vinyweleo. Ukiwa umesimama huoni kitu. Lala kifudifudi, usione haya, Waswidi wamezoea.

Wasichana wengi huko huitwa Linnea, na jina limetokana na Carl Linnaeus, yule Mswidi aliyeipa mimea majina yake mawili mawili ya Kilatini. Rafiki yake Mholanzi, Gronovius, ndiye aliyeliita ua hili kwa jina la Linnaeus, na mwaka 1753 Linnaeus mwenyewe akalichapisha: Linnaea borealis, yaani ya kaskazini. Katika picha aliyochorwa mwaka 1737 amevaa mavazi ya Wasami, wenyeji wa kaskazini ya mbali, na ua lenyewe liko mkononi. Mtu aliyeipa majina maelfu ya mimea angeweza kujitafutia mti wa kutisha. Akaridhika na hiki! Nampendea hapo.

Kuhusu kopo: hapana, mwanangu. Shina lake hutambaa chini chini likitia mizizi njiani, kwa hiyo zulia zima uliloliona huenda ni mmea mmoja. Tena chavua yake yenyewe haimfai. Anataka ya jirani. Huko Uskochi vipande vilivyosalia viko mbalimbali, nyuki na nzi hawafikishi chavua, maua yanachanua vizuri tu lakini mbegu ni za kuhesabu. Kwenu bado yapo tele, ila dirisha lenye hita chini yake litakukaushia mgeni wako kabla ya Krismasi.

Rudi msituni mwisho wa kiangazi, ukitoka ukague soksi. Vijitunda vyake vina vinyweleo vya kunata, huganda kwenye manyoya ya wanyama wapitao. Ukivikuta hapo, hivyo hukuiba.