Sura ya Zamani, Injini ya Leo: Maswali Yenu ya Magari

*Papa alikuwa na Volkswagen Coccinelle, ilitufikisha Likasi miaka yote. Sasa naonyeshwa New Beetle ya 2003 kutoka Japani. Ni gari lilelile? (Kampemba, Lubumbashi)*

Hapana, ndugu yangu. Sura ni ya marehemu, vya ndani ni vya Golf, gari jingine la Volkswagen. Coccinelle ya papa ilibeba injini nyuma, ikapozwa kwa upepo tu, haijui rejeta. Fundi alifungua bolti nne, akaishusha injini chini ya mwembe, na jioni mkaondoka. New Beetle, iliyoanza kuundwa 1997, ina injini mbele na inakunywa maji. Taa ya dashibodi ikiwaka, fundi wa mwembe anakuna kichwa mpaka apatikane mwenye kompyuta. Kama rejeta haikutunzwa, joto letu la Oktoba litakwambia.

Cha kuchekesha, New Beetle na Coccinelle za mwisho zilitoka kiwanda kimoja, Puebla, Mexico. Ya zamani iliacha kuundwa Julai 2003, baada ya kutoka zaidi ya milioni 21 duniani kote. Yaani mwaka uleule wa hiyo unayoonyeshwa, yenyewe bado ilikuwa hai!

Hili hukuuliza: gari la Japani kwa kawaida lina usukani kulia, na sisi tunaendesha kulia. Ukiwa nyuma ya lori la shaba barabara ya Likasi, huoni kinachokuja mpaka pua yote iwe imetoka nje. Kama umempenda papa, tengeneza picha yake uitundike sebuleni. Ni bei rahisi.

*Mini ya zamani na Mini ya BMW, ipi inafaa Katuba?*

Hakuna. Ya 1959 ina magurudumu ya inchi 10. Mashimo yenu yataimeza pamoja na dereva.

*Ni kweli Toyota wamefufua Land Cruiser 70?*

Mnaniuliza hili kila mara, na kila mara najibu: kisichokufa hakifufuliwi. Ilianza 1984. Japani ndiko walikoacha kuiuza 2004, wakairudisha kwa muda 2014, halafu tena 2023. Wajapani ndio waliorudi. Hapa kwetu simameni dakika kumi kwenye njia ya migodi mhesabu wenyewe.

*Renault 5 mpya ya umeme ni nzuri sana, kama ile ya mjomba. Niagize? (Mama wa Ruashi)*

Nzuri kweli, mama, nakubali. Ya 1972 ilikuwa ya petroli, hii ya 2024 ina betri ya kilowati-saa 40 au 52. Kwangu umeme ukija usiku, wote tunagombania pasi, friji na simu. Wewe gari utalichomeka wapi? Ukinijibu kwamba una jenereta, basi unanunua gari la petroli kwa njia ndefu. Na kabla ya kutuma pesa, muulize muuzaji ni fundi yupi Lubumbashi aliyewahi kufungua betri kama hiyo. Akikutajia jina, niletee, nina maswali yangu.