Maswali na Majibu: Yale Ambayo Darwin Hakuyajua

Wasomaji kadhaa wa Dodoma na Singida wametuletea maswali kuhusu nadharia ya mageuko ya viumbe. Nimechagua yanayohusu historia ya wazo lenyewe, kwani naamini kwamba mtu anayejua jinsi nadharia hii ilivyopingwa na kurekebishwa huielewa kuliko anayekariri jina la Charles Darwin na mwaka 1859 alipochapisha kitabu chake.

Je, Darwin ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema kwamba viumbe hubadilika? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Kongwa)

Hapana. Katika karne ya 9 al-Jahiz, mwandishi wa Basra, alieleza kwa kirefu jinsi wanyama wanavyoshindania chakula na kukwepa kuliwa, ingawa maelezo yake hayakufikia kuwa nadharia kamili. Mwaka 1796 Georges Cuvier alilinganisha mifupa ya tembo walio hai na ile iliyofukuliwa ardhini, akathibitisha kwamba wako wanyama waliokwisha kutoweka kabisa duniani. Kabla ya hapo wasomi wengi hawakuwa tayari kukubali jambo hilo. Mwaka 1809 Mfaransa mwenzake, Jean-Baptiste Lamarck, alitangaza waziwazi kwamba spishi, yaani aina za viumbe, hubadilika, na kwamba kiungo kinachotumika sana hukua, kisha ukuaji huo hurithiwa na watoto.

Kilichokuwa kipya kwa Darwin ni uteuzi asilia: viumbe huzaliwa wengi kuliko wanaoweza kuishi, hutofautiana, na wale ambao tofauti zao zinawafaa katika mazingira yao huacha wazao wengi zaidi. Hata hilo hakuliwaza peke yake. Alfred Russel Wallace, aliyekuwa akikusanya wadudu na ndege katika visiwa ambavyo leo ni vya Indonesia, alifikia wazo lilelile na kumwandikia Darwin mwaka 1858. Maandishi ya wote wawili yalisomwa pamoja London tarehe 1 Julai mwaka huo. Wallace anastahili nafasi kubwa zaidi katika masomo yetu kuliko anayopewa.

Wanafunzi wangu huniuliza: kama Lamarck alikosea kuhusu urithi, Darwin alipatia? Huwa nakosa jibu la kuwatosheleza. (Mwalimu wa baiolojia, Mpwapwa)

Wanafunzi wako wamegusa mahali palipokuwa dhaifu kuliko pote katika kazi ya Darwin. Yeye naye aliamini kwamba mabadiliko yanayoupata mwili wa mzazi yanaweza kurithiwa, na mwaka 1868 alipendekeza kwamba kila sehemu ya mwili hutoa chembe ndogo zinazosafiri hadi kwenye viungo vya uzazi. Binamu yake, Francis Galton, alilijaribu wazo hilo kwa kuwaongezea sungura damu ya sungura wa rangi nyingine, na watoto waliozaliwa hawakuonyesha dalili yoyote ya rangi ya wale waliotolewa damu.

Tatizo lilikuwa kubwa zaidi ya hapo. Wengi wa wakati ule waliamini kwamba sifa za baba na mama huchanganyika ndani ya mtoto kama maziwa yanavyochanganyika na maji. Mwaka 1867 mhandisi Fleeming Jenkin alionyesha matokeo ya imani hiyo: tofauti yoyote nzuri inayojitokeza kwa kiumbe mmoja ingefifia nusu kwa nusu katika kila kizazi, mpaka isibaki kitu cha kuteuliwa. Darwin aliuona uzito wa hoja hiyo, na hakupata jibu lililoiondoa.

Jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa. Huko Brno, mji ulio leo katika Jamhuri ya Cheki, mtawa Gregor Mendel alikuwa amezalisha njegere kwa miaka kadhaa na kuhesabu matokeo kwa uvumilivu wa ajabu. Alipochavusha mimea ya mbegu za mviringo kwa ile ya mbegu zilizokunjamana, kizazi cha kwanza kilikuwa na mbegu za mviringo pekee. Lakini katika kizazi kilichofuata alipata mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zilizokunjamana, karibu tatu kwa moja. Sifa iliyodhaniwa kupotea ilirudi ikiwa kamili, bila kufifia. Mendel aliyasoma matokeo yake mbele ya wanasayansi wa mji huo mwaka 1865, yakachapishwa mwaka 1866, na kwa zaidi ya miaka 30 hayakupewa uzito uliostahili. Yalifufuliwa mwaka 1900, Darwin akiwa amefariki miaka 18 kabla.

Nakusihi, mwalimu, usiishie hapo darasani, kwa sababu wafuasi wa mwanzo wa Mendel walidhani kwamba ugunduzi wake umemwangusha Darwin: waliona spishi mpya zikizuka kwa mruko mmoja, bila uteuzi wa polepole. Ilibidi wanasayansi Ronald Fisher, J. B. S. Haldane na Sewall Wright, kati ya mwaka 1918 na 1932, waonyeshe kwa hesabu kwamba vinasaba (vitu vinavyobeba sifa za kurithi) vingi vyenye athari ndogo ndogo hutoa tofauti zilezile alizoziona Darwin, na kwamba uteuzi unaweza kuvieneza katika jamii ya viumbe. Nadharia inayofundishwa leo ilizaliwa katika mapatano hayo ya mawazo ya Darwin na Mendel.

Mbona nyani wa milimani kwetu hawageuki kuwa watu? (Msomaji, Kondoa)

Nadharia haisemi kwamba nyani wa leo ni babu zetu. Inasema kwamba sisi na sokwe tulikuwa na mababu wa pamoja, walioishi mamilioni kadhaa ya miaka iliyopita, kisha kila ukoo ukafuata njia yake. Ukoo wa nyani uliachana na wetu mapema zaidi, na tangu hapo umekuwa ukibadilika kivyake.

Wanajuaje umri wa mifupa? Mamilioni ya miaka wanayahesabu vipi? (Mkazi wa Dodoma mjini)

Swali hili lilimtesa Darwin pia. Mwaka 1862 mwanafizikia William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alikokotoa umri wa dunia kwa kufikiria kwamba ni jiwe lililoyeyuka ambalo limekuwa likipoa. Alipata kati ya miaka milioni 20 na milioni 400, na baadaye akazidi kuupunguza, muda ambao Darwin aliuona haumtoshi. Mwaka 1895 John Perry alionyesha kwamba hesabu ya Kelvin hubadilika sana iwapo joto la ndani ya dunia husafirishwa na miamba inayotiririka polepole, na mwaka 1896 Henri Becquerel aligundua kwamba urani hutoa mionzi yenyewe. Elementi za namna hiyo hugeuka kuwa nyingine kwa kasi isiyobadilika, kwa hiyo zinaweza kutumika kupima muda. Kwa njia hiyo Clair Patterson alipata, mwaka 1956, umri wa dunia wa takriban miaka bilioni 4.55.

Tanzania ilinufaika mapema. Mary Leakey alipolipata fuvu la zamadamu Zinjanthropus katika Bonde la Olduvai tarehe 17 Julai 1959, mumewe Louis alikisia umri wa miaka kama 600,000. Miaka miwili baadaye majivu ya volkano ya tabaka lile yalipimwa kwa kiasi cha potasiamu iliyogeuka kuwa gesi ya agoni, na jibu likawa takriban miaka milioni 1.75.

Je, binadamu bado anabadilika, au mambo hayo yaliisha zamani? (Mfugaji, Bahi)

Maziwa unayokunywa ni sehemu ya jibu. Kwa mamalia walio wengi, uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa hupungua baada ya kuachishwa kunyonya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 na Sarah Tishkoff na wenzake, uliohusisha watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, ulikuta mabadiliko ya vinasaba yanayowawezesha watu wazima kuendelea kumeng'enya maziwa, nayo ni tofauti na yale ya Wazungu. Jamii zilizofuga ng'ombe mbali mbali zilifikia uwezo uleule kwa njia tofauti, ndani ya miaka elfu chache tu.

Mfano wa pili unaumiza. Mwaka 1954 Anthony Allison alionyesha kwamba mtu aliyerithi kinasaba cha selimundu (ugonjwa wa chembe nyekundu za damu) kutoka kwa mzazi mmoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, ilhali aliyerithi kutoka kwa wazazi wote wawili huugua. Ndiyo maana kinasaba kinachowatesa watoto wetu hakikutoweka katika nchi zenye malaria. Uteuzi asilia haumhurumii mtu. Kuwahurumia wagonjwa ni wajibu wetu.

Wanasayansi hubadilisha kauli kila mara. Niwaamini vipi? (Mzazi, Chamwino)

Mwaka 1912 Waingereza walitangaza fuvu la Piltdown, lenye ubongo mkubwa na taya la kisokwe, na wengi wakaamini kwamba ubongo ulitangulia kukua. Raymond Dart alipotangaza mwaka 1925 fuvu la mtoto wa Taung kutoka Afrika Kusini, lenye ubongo mdogo lakini dalili za kutembea wima, wakubwa wa taaluma walimpuuza. Mwaka 1953 vipimo vilithibitisha kwamba Piltdown ilikuwa ulaghai: fuvu la mtu lililounganishwa na taya la orangutani na kupakwa rangi. Waliofichua hayo walikuwa wanasayansi wenyewe. Kisha nyayo za Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, zilizofukuliwa mwaka 1978 na zenye umri wa miaka milioni 3.66, zilionyesha viumbe waliotembea kwa miguu miwili muda mrefu kabla ya ubongo kukua. Mimi nawaamini zaidi watu wanaokubali kusahihishwa na ushahidi.

Naweza kuyaona wapi haya kwa macho yangu? (Msomaji, Manyoni)

Fuvu la Zinjanthropus linahifadhiwa na Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Nyayo za Laetoli zilifukiwa upya ili zisiharibike, lakini nakala yake imo katika makumbusho ya Olduvai, Ngorongoro, na kutoka kwenu unaweza kufika huko kwa kupitia Singida na Babati.