Waachieni waamue, mtazamo utafuata

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: mfanyakazi mwenye mtazamo mbaya kazini anabadilishwa vipi? Jibu langu ni kwamba asihubiriwe. Apewe sehemu ya kazi yenyewe aiamue, naye atabadilika huku akifanya. Nasema hivi kwa sababu nimeyaona kwenye gereji ya magari ya utalii hapa Arusha, nilipokuwa nasimamia mafundi.

Kila gari likirudi kutoka Serengeti, dereva alitakiwa kujaza fomu ya ukaguzi kabla ya kukabidhi funguo: breki, springi, shokapu, taa, tairi la akiba. Anayeijua ile rafu rodi ya kutoka geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, hadi geti la Naabi, la kuingilia Serengeti, anajua umuhimu wake. Lakini madereva waliichukia fomu ile. Walitia tiki kuanzia juu hadi chini, wengine hata hawajashuka kwenye gari. Ofisi ikaitisha semina. Mtoa mada akaeleza usalama vizuri tu, akauliza ni nani anayeona ukaguzi hauna maana. Hakunyooshwa mkono hata mmoja. Watu wakala, wakapiga picha ya pamoja, na kesho yake tiki zilikuwa zilezile.

Wataalamu wa tabia za watu wamelijua jambo hili siku nyingi. Mwaka 1934 mwanasosholojia wa Marekani, Richard LaPiere, alichapisha habari za safari alizofanya nchini mwake akiwa na kijana wa Kichina na mkewe, wakati chuki dhidi ya Wachina ilikuwa wazi kabisa. Katika hoteli na migahawa 251 walikataliwa mara moja tu. Baadaye alipowaandikia wenye sehemu hizo kuuliza kama wangewapokea wageni Wachina, zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu walisema hapana. Kwao mdomo ulikataa, mikono ikakubali. Kwetu mdomo ulikubali, mikono ikakataa. Kwa hiyo bosi anayepima mtazamo wa watu wake kwa majibu ya kikaoni anajidanganya.

Mambo yalianza kufunguka siku dereva wetu mkongwe kuliko wote alipokuja dirishani kwangu na fomu mkononi. "Kijana wangu," akasema, "safari iliyopita niliandika pleti moja ya springi ya nyuma imekatika. Fomu ikaenda ofisini, gari likarudishwa porini na pleti ileile. Sasa nikuandikie nini tena?" Nilifuatilia, nikakuta fomu zimepangwa vizuri kwenye faili. Hakuna fundi aliyewahi kuzisoma.

Tukawaachia madereva na mafundi watunge fomu yao wenyewe. Walibishana kweli. Mafundi walisema madereva wanakimbiza magari kwenye mawe; madereva wakasema boliti zinafungwa harakaharaka ili watu wawahi daladala. Mwishowe walifuta vipengele vingi vya ofisi, wakaongeza sehemu ya kuandika kelele ngeni na gari lilikuwa mwendo gani iliposikika, na pembeni ya kila kasoro pakawekwa nafasi ya sahihi ya fundi aliyeishughulikia. Hiyo sahihi ndiyo iliyofanya kazi kubwa.

Msimu wa wageni wengi haujaisha, nikamsikia dereva aliyekuwa mbishi kuliko wote akimwambia mgeni kazini: "Andika, bwana mdogo. Usipoandika utalala Naabi na watu wako." Hakuna aliyemtuma. Mwanasaikolojia wa Marekani, Leon Festinger, aliieleza hali hii mwaka 1957: mtu hapati raha akitenda hili huku anaamini lile, na kama ametenda kwa hiari yake, imani ndiyo husogea kulifuata tendo. Ndiyo maana siamini sana faini. Anayejaza fomu kwa kuogopa kukatwa mshahara ana sababu yake tayari, na moyo wake unabaki palepale.

Tena si madereva wa Arusha tu. Katika kiwanda cha nguo za kulalia cha Harwood, kule Virginia, Marekani, watafiti Coch na French waliandika mwaka 1948 kwamba wafanyakazi waliobadilishiwa utaratibu kwa amri walizorota na baadhi wakaacha kazi, wakati wale walioshirikishwa kupanga mabadiliko yaleyale walirudia kasi yao upesi, hata wakaipita.

Nina neno moja kwa wasimamizi wenzangu, kwa sababu linaniuma. Siku hizi kila anayenung'unika anaambiwa ana mtazamo mbaya. Dereva anayeuliza posho ya safari iliyopita iko wapi hana tatizo la mtazamo, anadai haki yake. Huyo msimwitie semina. Mlipeni kabla gari halijatoka.