Jibu kwa aliyesema magazeti yanatosha

Boss, hapo umesema ati ukitaka kujua watu wa enzi fulani walivyoishi usome magazeti, riwaya ni porojo, mimi nakataa kabisa. Gazeti la 1976 litakuambia waziri alifungua nini na nani alipiga makofi, lakini shika Going Down River Road, riwaya ya Meja Mwangi, ilitoka mwaka huo huo, utaona watu wa mjengo, njaa, pombe, mshahara unaishia kwa baa kabla haujafika nyumbani, ile furaha ya uhuru imeshapoa na hakuna mtu anataka kuisema kwa mkutano. Hiyo ndiyo Nairobi yenyewe.

Tena kuna vitu gazeti halingethubutu. Mshairi Abdilatif Abdalla alifungwa 1969 mpaka 1972 juu ya kijikaratasi cha kuikosoa serikali, Kenya Twendapi, akaandika mashairi huko ndani, yakatoka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki, na sasa cheki hii, 1974 kitabu kikapewa tuzo ya Jomo Kenyatta, jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga!! Hiyo pekee inakuonyesha hewa ya wakati ule.

Sawa, nakupa pointi moja, mwandishi naye ana macho yake, hapo River Road wanawake wanaonekana sana kwa macho ya walevi. Lakini hata hiyo si inakuambia kitu kuhusu miaka hiyo?