Tuingie ndani au tuache mlangoni?

SWALI: Habari za kazi. Sisi ni kikundi cha kina mama kumi na wawili, tunachanga kila mwezi, sasa kuna familia tunataka kuisaidia, baba yao aliugua ukoma, dawa kamaliza ila vidole vya mkono mmoja vimejikunja na mguuni ana kidonda hakiponi. Wenzangu wengine wanasema tubebe chakula na nguo zilizovaliwa tuweke mlangoni tusiingie ndani, wanaogopa kuambukizwa. Mnatushauri nini? Mama Wawili.

JIBU: Mama Wawili, asanteni kwa moyo huo, na ingieni ndani jamani, mpeni mkono, kaeni. Ukoma unaletwa na bakteria, daktari Hansen wa Norway alimwona tangu 1873, sio laana na sio wa kurithi, na mtu akishaanza dawa mseto, yaani dawa kadhaa kwa pamoja, haambukizi tena, sembuse huyo aliyekwisha maliza. Dawa zenyewe ni miezi 6 au 12 na Shirika la Afya Duniani linazitoa bure toka 1995.

Sasa hicho kidonda. Watu wanasema ukoma unakula vidole, si kweli, unaharibu mishipa ya fahamu, mtu anabaki na ganzi. Anakanyaga msumari anatembea nao mchana kutwa, jioni ndo anaona damu kwenye soksi. Kuna mzee nilikuwa namtembelea, kila asubuhi kabla hajavaa viatu mjukuu wake anaingiza mkono ndani anapapasa kama kuna kijiwe, sababu mikono ya mzee mwenyewe nayo haisikii kitu.

Kwahiyo viatu kwanza, laini ndani, soli ngumu chini, vimpime sawasawa visimbane, na viwe vinafanana na wanavyovaa watu wengine, maana kiatu cha ajabu kinamtangaza mtu njia nzima na ataviacha uvunguni. Beseni nalo na mafuta ya kupaka, kila siku aloweke miguu kwenye maji ya kawaida kama nusu saa, asugue sugu taratibu, apake mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Kidonda chenyewe kikaonwe kituo cha afya.

Ila kuna jambo nawaomba mlifikirie sana. Kidonda cha mguu wenye ganzi hakiponi kama mtu anakikanyagia kila siku, ataambiwa apumzishe mguu wiki kadhaa, sasa huyu baba akikaa nani analeta hela nyumbani? Ndo maana wengi wanafungwa bandeji asubuhi na mchana wako kazini wamesimama, kwa kuwa hauumi wanaona ni sawa tu, mwisho wake mguu unakuja kukatwa. Mimi ningekuwa kwenye kikundi chenu michango yote ya miezi miwili mitatu ningeielekeza hapo, iwe matumizi ya nyumba na ada ya watoto mpaka kidonda kifunge, yaani mumnunulie siku za kukaa chini. Akishapona mkae nae na mkewe wawaambie wanataka kazi gani ya kufanya, wao ndo wanajua.

Watoto na mama yao wapelekwe wakapimwe ngozi, baka lisilo na hisia ni dalili, na ugonjwa unaweza kujificha hata miaka 20. Mkifika kituoni ulizeni dozi moja ya kinga ya rifampisini kwa waliokaa na mgonjwa, Shirika la Afya Duniani limeipendekeza tangu 2018.

Halafu msimwite mkoma, ana jina lake, na simu za kupiga picha wakati mnakabidhi vitu ziacheni kwenye mikoba, watoto wake wanasoma na wenzao na picha ikishasambaa hairudi. Zile nguo, kama mnaweza kuwavalisha watoto wenu wa kuwazaa pelekeni, kama hamwezi ziacheni nyumbani.