Maswali Yenu: Nomino za Kiingereza na Wenzake

Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa darasa la tano ameandika kwamba "teacher" ni nomino ya pekee, kwa sababu anayewafundisha ni mmoja tu. Nimweleze vipi?

Marahaba. Mtoto amefikiri, ila amehesabu watu badala ya kuangalia jina. "Teacher" ni yeyote afundishaye, hata kama shuleni kwao yuko mmoja. Mpe jozi za vitu anavyovijua: "river" ni mto wowote, Rufiji ni mto wenye jina lake, "city" ni jiji lolote, Dodoma ni jiji moja. Herufi kubwa itamsaidia, lakini asiitegemee mwanzoni mwa sentensi, maana pale kila neno huanza nayo.

Kwa nini wanaandika "my mother" kwa herufi ndogo, halafu "I asked Mother" kwa kubwa?

Katika sentensi ya pili neno limekaa mahali pa jina la mtu, kama vile ungeandika "I asked Asha". Likitanguliwa na "my", "her" au "the", linarudi kuwa nomino ya kawaida.

Nimekariri kwamba "water" ni nomino. Kwenye mtihani nikakosa. Nani kanidanganya?

Aliyekufundisha kwa orodha amekupa nusu ya somo, na hili linaniuma kwa sababu wengi tunafundisha hivyo hivyo. Katika "The water is cold" ni nomino. Katika "Juma waters the garden" ni kitenzi, Juma anamwagilia bustani. Kiswahili kimetuzoesha kulitambua neno kwa viambishi vyake: ukisikia "anamwagilia" huna shaka kwamba ni kitenzi, na "maji" huyajua kwa ngeli yake, maji haya, maji yamemwagika. Kiingereza hakina ngeli hizo, kwa hiyo mahali neno lilipokaa ndipo panapokueleza kazi yake.

Chukua "light". "The light is off": nomino, taa imezimwa. "This bag is light": kivumishi, mfuko ni mwepesi. "Please light the stove": kitenzi, washa jiko. Ukitaka kupima, tazama kama neno limebeba "the" au "my" nalo likajitosheleza bila neno jingine kulifuata. Hapo aghalabu ni nomino. Likikubali "will" mbele yake, kama "I will light the stove", ni kitenzi. Soma sentensi nzima kabla hujaweka jibu.

Mbona "informations" na "advices" hukatwa alama?

Kiingereza kimeziweka "information", "advice" na "furniture" katika kundi la visivyohesabika, kama sisi na sukari. Dukani huombi sukari mbili, unaomba kilo mbili za sukari. Vivyo hivyo sema "two pieces of advice". Na "news", ingawa ina "s" mwishoni, ni umoja: "The news is good."

Je, kila neno linaloishia na "ly" ni kielezi?

Hapana. "Friendly" na "lonely" ni vivumishi. Chunga zaidi "hard" na "hardly": "She works hard" ni kumsifu kwamba anajituma, "She hardly works" ni kusema karibu hafanyi kazi kabisa.

"Swimming" ni tendo. Inakuwaje kitabu kiiite nomino?

Jibu unalo tayari kwa Kiswahili. Tunasema "Kuogelea kunaniburudisha". Kuogelea ni tendo, lakini hapo limekuwa mtenda wa sentensi na limevuta upatanisho wa ku-, ndiyo maana tunaliita kitenzi-jina. "Swimming refreshes me" ni hivyo hivyo. Ila ukiandika "She is swimming", yeye ndiye anayeogelea sasa hivi, na neno limerudi kuwa kitenzi.